Hapo Hapajawahi Kuwa na Tuta

Gudu. Mara moja tu, chini ya gurudumu la mbele upande wangu, halafu changarawe ikaendelea kulia kama kawaida. Mpaka leo nikifunga macho naisikia hiyo gudu kabla sijasikia kitu kingine.

"Ni nini hiyo?" Mwalimu akauliza.

"Ni tuta tu, Mwalimu," nikasema.

Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sinia ya vikombe. Hakupunguza mwendo, hakuongeza. Tulienda kama mita hamsini ndipo akasema polepole, bila kunigeukia: "Hapo hapajawahi kuwa na tuta."

Nitarudi hapo. Lakini siwezi kuanza na hapo nikaishia hapo, kwa sababu mtu akisikia habari ya hiyo siku peke yake atamwona Mwalimu kuwa mtu mbaya. Mimi nilimbebea mfuko miaka minne. Wacha nianze na fimbo zake.

Nilikuwa kedi kwenye uwanja wa gofu hapa Nyeri, yaani yule anayembebea mchezaji fimbo na kumwonyesha mpira ulipoangukia. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo mama yangu hakuzitaja kanisani, lakini nilikuwa na ndoto kubwa kuliko nyumba yetu. Nilijiona kwenye televisheni nikiwa na kofia nyeupe, watu wakipiga makofi taratibu kama wapigavyo wa gofu. Siku ya kwanza mkuu wa makedi, polisi mstaafu kutoka magharibi ambaye sauti yake ilikuwa bado iko kazini, alitupanga mstari akatupa sheria. "Fika mapema. Nyamaza. Na mambo ya mchezaji yabaki kwa mfuko. Kedi hasemi. Mumesikia? Kedi hasemi." Tukajibu kwa pamoja kama makurutu wa chuo cha polisi cha Kiganjo. Kisha akaninyooshea kidole: "Wewe msichana, utabebea Mwalimu. Wengine wanamkataa, ati ana maneno."

Alikuwa amefundisha hesabu mpaka akastaafu, na pale uwanjani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mwalimu tu. Mimi aliniita Kedi, na alilitamka kama cheo.

Wachezaji wengine walibadilisha fimbo kama watu wanavyobadilisha simu. Mpinzani wake wa kila Jumamosi, jamaa mmoja mnene tuliyemwita Hadwea kwa sababu ya duka lake la misumari na mabati mjini, alikuwa na draiva mpya yenye kichwa kikubwa kama mkate. Draiva, kwa asiyejua, ni ile fimbo ndefu ya kuanzia. Ya Hadwea ikigonga mpira ilitoa mlio wa sufuria iliyoanguka sakafuni. Ya Mwalimu ilikuwa ya mbao. Kichwa kidogo kama ngumi ya mtoto, rangi ya chai ya rangi, kimepakwa mafuta ya kitani kila mwezi na mkono wake mwenyewe.

"Mwalimu, huo mwiko utaurudisha jikoni lini?" Hadwea alimuuliza kila Jumamosi.

"Nikimaliza kukupikia," Mwalimu alijibu kila Jumamosi.

Halafu alipiga. Tok. Sauti safi, kama mtu aliyegonga mlango wa rafiki. Na papo hapo aliinua kidole: "Nyamazeni!" Sote tukanyamaza, hata Hadwea, mpaka mpira uanguke kule mbali. Mwalimu aliinamisha kichwa kidogo, kisha akatoa hukumu: "Kulia. Nyasi ndefu, lakini si ndefu sana." Nikienda, nilikuta mpira palepale aliposema. Makedi wengine walisema mzee ana dawa. Mimi niliona ni ufundi, na nilijivuna kana kwamba ufundi huo ni wangu pia.

Hakuvaa glavu. "Nikivaa glavu, Kedi, ni kama kusalimia mtu nikiwa na soksi mkononi." Hakutaka toroli la kusukumia mfuko, ingawa begani mwangu palikuwa na alama ya mkanda mpaka Jumatano; magurudumu yalimpigia kelele, alisema. Mipira alipenda ile laini, akiiminya kwa vidole kama mama anayechagua parachichi. Mwaka wa kwanza alitaka nyeupe tu, na aliyecheza na mpira wa rangi alimwita mtu wa sherehe. Mwaka wa pili akaanza kutumia ya manjano. Wa tatu, ya rangi ya chungwa, ile inayowaka. "Umri unataka furaha," aliniambia.

Vishikio vya fimbo zake za chuma vilikuwa vya ngozi. Siku moja alinituma kwa fundi viatu kuleta uzi uliopakwa nta, akanikalisha nyuma ya stoo tukafunga uzi kwenye kila kishikio: mzunguko mmoja kwa namba tisa, miwili kwa nane, mitatu kwa saba, hivyo hivyo. Hadwea akauliza hizo shanga ni za nini. "Za kuzuia kuteleza wakati wa mvua," Mwalimu akasema. Tangu siku hiyo hakuniomba fimbo kwa namba tena. Aliingiza mkono mfukoni, dole gumba likapita juu ya nyuzi, akachomoa aliyoitaka huku akiongea mambo mengine.

Na miguu yake! Tukifika pale kwenye nyasi zilizonyolewa kabisa, penye shimo na bendera, Mwalimu alivua viatu. Alitembea na soksi kutoka mpirani hadi shimoni, taratibu, kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala, akipima mteremko kwa nyayo. Kamati ikamwandikia barua kwamba mavazi kamili ni pamoja na viatu. Aliikunja barua, akaiweka ndani ya kiatu cha kushoto, akaendelea kuvivua vyote viwili. Na alikuwa akiingiza mipira kutoka mbali ambako wenye macho ya vijana walishindwa.

Sasa nikizipanga hizo tabia moja kando ya nyingine, naona zote zilikuwa zikisema kitu kimoja. Wakati ule nilizibeba tu begani, nikiziita maarifa.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Sijaona mtu mzima akifurahia kitu jinsi Mwalimu alivyofurahia gofu. Akipiga vibaya alicheka mpaka akakohoa. Kabla ya kupiga alinung'unika wimbo wa kanisani, beti nusu, halafu tok, kisha akamalizia beti akitembea. Katikati ya mchezo alitoa nduma, magimbi ya kuchemsha, zilizofungwa kwa gazeti, akanikatia nusu iliyo kubwa. Jioni uwanja ukiwa mtupu alinipa fimbo ya chuma namba saba akanifundisha. "Usipige kwa hasira. Mpira haujakukosea." Nikiupata vizuri alisikia kabla mimi sijaona. "Huo! Huo ni wa televisheni!" Nilikuwa nimemwambia ndoto yangu mara moja tu, na hakuisahau.

Na alikuwa mkali kwa sheria kuliko sheria zenyewe. Kwenye shindano moja alikuwa ameshamshika Hadwea pabaya, shimo la mwisho, zawadi ni birika la umeme limekaa mezani na utepe. Mwalimu akaweka fimbo nyuma ya mpira, akasimama, akasema, "Umesogea. Najiongezea pigo moja." Hakuna aliyeona. Hadwea mwenyewe alisema, "Wacha, Mwalimu, mimi sijaona kitu." "Hata mimi sijaona," Mwalimu akasema. "Nimeusikia." Gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi, naye akashindwa kwa hilo moja. Hadwea alibeba birika nyumbani akiwa na aibu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mimi pia alinishika. Mpira wake ulikuwa umelala kwenye mzizi wa mkaratusi, nikausukuma kwa kidole cha mguu, kidogo tu, kwa huruma. Alikuwa hatua ishirini nyuma yangu.

"Kedi, mpira wangu umeota miguu?"

"Mwalimu, ulikuwa kwa mzizi, ungeumia mkono..."

"Urudishe." Nikaurudisha. Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Wewe kazi yako ni kuniambia ulipo. Siyo unapotaka uwe. Ulipo."

Nililia kidogo nyuma ya mfuko. Halafu alinipa nduma, tukaendelea.

Kila asubuhi tulipokutana, kabla ya salamu yoyote, aliniuliza: "Mlima umetoka?" Pale kwetu Mlima Kenya unaweza kuwa umejaa dirishani saa moja na kufikia saa tatu haupo. Niliichukua kuwa salamu yake. Wakati mwingine mlima ulikuwa mbele yake, mweupe kileleni, mkubwa kama swali, na bado anauliza. Nikadhani ananitania.

Basi asubuhi moja ya Julai, ukungu mzito, hata stoo ya mifuko huioni vizuri, nikaamua kumtania na mimi.

"Mlima umetoka?"

"Umetoka, Mwalimu. Wote!"

Akageuza uso upande wa mlima. Akatulia. Akatabasamu kwa ule ukungu. "Ni mzuri leo," akasema. "Naona theluji imeongezeka."

Nilicheka. Kisha kicheko kikaniishia mdomoni. Nilimtazama macho, macho mazuri tu, safi, yametulia juu ya kitu ambacho hakikuwepo. Nikainua mkono wangu mbele ya macho yake, nikautikisa. Hakuna. Baridi iliyonipata siku hiyo haikuwa ya Julai.

Nyuzi. Mpira wa chungwa. Soksi. Nyamazeni.

Sikusema. Kedi hasemi. Na kwa nini niseme? Mtu mzee anacheza mchezo anaoupenda kwa masikio na nyayo, kuna ubaya gani? Tena nilianza kumsaidia kwa ujanja. "Bendera iko kushoto kwa ule mti mkubwa, Mwalimu, hatua mia moja na kumi," nikijifanya ni mazungumzo. Naye akajifanya ni mazungumzo. Tulikuwa timu. Nilikuwa na furaha, kusema kweli.

Ila mchezo ukiisha, Mwalimu alivaa viatu vyake, akanyoosha mkono, nami nikatoa ufunguo wa gari kwenye mfuko mdogo wa mipira, pale nilipoutunza, nikamwekea kiganjani. Na akaendesha kwenda nyumbani.

Nyumba yake ilikuwa upande wa Kiganjo, ndani kwa barabara ya changarawe, na yetu kabla ya kufika kwake kidogo. Kwa hiyo alinibeba. Hapo mwanzo nilifikiri gari linaenda polepole kwa sababu ni la zamani. Baada ya ile asubuhi ya ukungu niliketi kwenye kiti hicho kwa namna nyingine kabisa. Siku ya pili yake alisema, kama mzaha, "Kedi, nisomee barabara. Kama unavyonisomea uwanja." Nikaisoma. "Bodaboda kushoto. Lori la maziwa linakuja, kaa kwako. Mama na mbuzi wawili. Mbuzi wamepita." Alifuata kila neno. Kwenye lami aliijua kona kwa mwinamo wake, kwenye changarawe alijua mashimo kwa majina. "Sasa tunafika kwa bwana koti," alisema, akakwepa shimo ambalo aliwahi kuangukia jirani aliyependa kuvaa koti refu.

Nilikuwa kedi wa barabara. Nilijivunia! Leo nikikumbuka huo ujinga nataka kujifunika uso. Alfajiri, barabara ikiwa tupu, alikuja peke yake, na usiku nilianza kuota magurudumu. Siku ambazo niliugua, au alipokuja uwanjani katikati ya wiki bila mimi, nilikaa nyumbani nikisikiliza barabara. Honi yoyote ilinisimamisha. Nilijiambia: mradi niko garini, hakuna neno.

Halafu nikiwa garini, ikawa.

Ilikuwa saa ya watoto kutoka shule. Nilimwona msichana mmoja wa sweta jekundu akivuka, akasimama katikati, akatuangalia. Nikafungua mdomo. Sijui kilichonipata; neno "mtoto" lilikuja likakwama, labda sekunde moja, labda nusu. Yule mtoto akaruka mtaroni. Mkoba wake ukabaki njiani. Gudu.

Ni tuta tu, Mwalimu.

Hapo hapajawahi kuwa na tuta.

"Wameweka juzi," nikasema.

"Aha," akasema. Akanishusha kwetu.

Nilingoja gari lipotee, nikarudi mbio kwa miguu. Msichana alikuwa bado pale, amekaa kando ya mtaro, mkoba mapajani. Sahani yake ya chakula cha mchana ilikuwa bapa kama karatasi na kwenye daftari la hesabu palikuwa na alama ya tairi, safi, kila mstari unaonekana. Hakuwa ameumia. Alikuwa analia kwa sababu ya mkoba.

"Mama atanichapa, ati nimechezea."

Nikampa mkoba wangu, nikahamisha vitabu. Alipotulia aliniangalia akasema kitu ambacho hakijanitoka.

"Huyo mzee aliniona. Aliniangalia kabisa, kwa macho. Na akakuja tu."

Wiki nne nilikaa na hilo neno. Nilikuwa nimwambie nani? Binti yake aliyekuwa akimpikia, ambaye sikuwahi kuongea naye zaidi ya salamu? Mkuu wa makedi? Nikisema, wangemvua Mwalimu gari, na pamoja na gari uwanja, na pamoja na uwanja sijui kingebaki nini. Na nisiposema? Kila siku watoto walitoka shule. Niliwaza mpaka chakula kikawa hakina ladha. Mwalimu naye alibadilika. Alicheza, lakini nyimbo zilikatika katikati, hakumalizia beti.

Kisha ikaja simu kutoka Timau, kaskazini mwa mlima. Nilikuwa nimeomba kazi kwenye mashamba ya maua zamani hata nikasahau. Nianze Jumatatu. Kazi ya kudumu, malazi, kila kitu nilichoombea. Mama alipiga vigelegele. Mimi niliwaza kitu kimoja tu: Jumatatu, saa ya watoto kutoka shule, kiti cha kushoto kitakuwa kitupu.

Jumamosi ya mwisho tulicheza na Hadwea. Nilingoja shimo la kwanza, la pili, la tano. Kila nikifungua mdomo nilisikia ile sauti ya mkuu wa makedi, kedi hasemi. Tulipomaliza, Hadwea akatangulia kwenda kunywa chai. Mwalimu akakaa kwenye benchi, akavaa viatu, akanyoosha mkono.

"Ufunguo."

Nilikuwa nao ngumini. "Mwalimu, Jumatatu siko. Nimepata kazi Timau."

Uso wake ukafurahi kwanza, furaha ya kweli, niliiona. Kisha ikatoka polepole kama maji kwenye beseni lililotoboka. Mkono ukabaki pale pale hewani.

"Barabara naijua," akasema.

"Mwalimu, lile halikuwa tuta."

Kule kwenye veranda mtu alikuwa akicheka.

"Ilikuwa nini?"

"Mkoba wa mtoto. Wa shule. Mtoto aliruka."

"Aliruka."

"Aliruka, Mwalimu. Hakuumia. Nilirudi nikamwona."

Mkono wake ukashuka gotini. Nikaona dole gumba linasugua suruali, kushoto kulia, kama linatafuta nyuzi.

"Nilijua," akasema. "Usiku ule ule nilijua. Nikangoja uniambie, na kila siku ambayo hukuniambia niliichukua kama ruhusa." Akavuta pumzi. "Kwa nini hukusema, Kedi?"

"Kedi hasemi. Tuliambiwa."

Akanigeukia kabisa. Hayo macho yalinikosa kwa upana wa kiganja. "Kedi hasemi kwa wengine, mtoto wangu. Mchezaji anaambiwa. Mchezaji anaambiwa kila kitu. Ndiyo kazi yenyewe."

Miaka minne nilikuwa nimeifahamu ile sheria vibaya.

Akaomba kadi ya alama na penseli, akanirudishia vyote viwili. "Andika wewe. Andika: amejiondoa."

"Lakini leo umeshinda, Mwalimu. Kwa mbili."

"Andika."

Nikaandika. Ufunguo akaniambia niurudishe kwenye mfuko wa mipira na nifunge zipu. Tulikaa hapo benchini tukimngoja binti yake aje na jirani. Hadwea akatupigia kelele kutoka veranda, kikombe mkononi.

"Mwalimu! Kwani gari imekataa?"

"Gari ni nzima," Mwalimu akajibu. "Dereva ndiye amekataa."

Hadwea alicheka. Halafu akaangalia vizuri jinsi mzee alivyokaa, akaacha kucheka, akaweka kikombe chini.

Timau kuna baridi ya ngano na upepo usiochoka. Nilikata maua, nilipanga maua, nililala nikinuka maua. Niliporudi kwa likizo ya kwanza, miezi mitatu ikiwa imepita, nilishuka barabara kuu nikaingia ile ya changarawe kwa miguu. Ilikuwa saa ya watoto kutoka shule. Na pale, palepale, nilimwona mtu amesimama kando ya njia na sweta la rangi ya chungwa, ile inayowaka.

Alikuwa ameshika draiva yake ya mbao, kichwa juu. Watoto walikuwa wamejipanga nyuma yake kama vifaranga. Aliinamisha kichwa. "Nyamazeni!" Wakanyamaza wote, watoto thelathini. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule. Kabla mimi sijasikia kitu kutoka nyuma ya kona, akasema, "Pikipiki. Ngojeni." Ikaja kweli, ikapita. "Sasa vukeni." Wakavuka. Mmoja alikuwa na mkoba ninaoujua.

Nilisimama pale nikawa sijui kama nicheke au nilie. Kipofu anavusha watoto, nao wanamtii kuliko wanavyomtii mtu mwenye macho.

"Kedi," akasema, mimi nikiwa bado mbali. "Umenenepa. Hatua zimekuwa nzito. Timau wanakula?"

"Wanakula, Mwalimu. Nani alikupa hii kazi?"

"Nilijiongezea pigo moja." Akatabasamu kidogo. "Yule msichana alinionyesha mahali. Nilimwomba msamaha na mama yake akiwepo. Mama alinipa maneno yangu, niliyastahili. Kesho yake nikaja kusimama hapa."

Alikuwa anataka kuongeza kitu, akinielekea, mgongo nusu upande wa barabara. Nikaona boda likija nyuma yake. Sikusikia chochote. Lilikuwa la zile mpya za umeme, zisizo na muungurumo, linateleza kama kivuli cha ndege. Nikapiga ukelele, "Mwalimu, nyuma!" Safari hii neno lilitoka kwa wakati. Akarudi hatua moja. Kioo cha boda kikagusa mkono wa sweta, mwendeshaji akatukana, akaenda.

Mwalimu akashika ule mkono wa sweta, akaupapasa.

"Hizi mpya hazina sauti," akasema. Hakulisema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayesoma alama yake kwenye kadi. "Ziko tatu sasa. Mwezi uliopita ilikuwa moja."

"Mwalimu, acha kusimama hapa. Tafadhali."

"Na watoto?"

Tulitembea hadi kwenye lango lake, mkono wake begani kwangu, pale pale palipokuwa na alama ya mkanda. Kabla ya kuingia akageuza uso juu.

"Mlima umetoka?"

Niliangalia. "Haujatoka, Mwalimu. Kuna ukungu mpaka chini."

"Asante," akasema, na akaingia.

Jumapili asubuhi, kabla watu hawajaanza kwenda kanisani, nilichukua jembe la mama, karai na mtungi wa maji, nikaenda peke yangu. Nilichimba udongo mwekundu ukingoni mwa mtaro nikaubeba karai baada ya karai, nikaupanga uwe tuta la kuvuka barabara yote, kutoka nyasi hadi nyasi, hatua kumi kabla ya pale anaposimama. Kisha nikapanga mwingine upande wa pili. Nikachanganya na kokoto, nikamwagia maji, nikaushindilia kwa miguu. Nilivua viatu nifanye kazi vizuri. Malengelenge yalinitoka mikononi mahali tofauti na yale ya gofu.

Nilipomaliza nilikaa mtaroni, pale alipokuwa amekaa yule mtoto, nikafunga macho. Nikangoja.

Kwa muda mrefu hakikuja kitu. Kisha, bila muungurumo wowote, mbele yangu:

Gudu.